Nani Anayengoja? Usawiri wa Bibi Mwenye Hamu katika Michoro Midogo ya India

Uhakiki wetu una mazoea mabaya ya kutoa hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi. Anapotokea mhusika wa kike anayemngoja mwanamume, aghalabu insha za wanafunzi, na hata baadhi ya tasnifu, huwa na jawabu tayari: huyo ni mwanamke duni, tegemezi, aliyesawiriwa kwa taasubi ya kiume. Hoja ikishatajwa, kalamu huwekwa chini. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ulihukumiwa namna hiyo kwa muda mrefu, mpaka walipotokea wasomi wengine waliourejea na kuuliza iwapo maneno ya utiifu yaliyomo hayana makali yake. Katika makala haya ninanuia kuipeleka hoja hiyo ya haraka kwenye mtihani mgumu zaidi, nao ni sanaa ambayo kwa karne kadhaa haikuchoka kumchora mwanamke anayengoja: michoro midogo ya India, hususan ile ya falme za Rajasthan na ya vilima vya Himalaya upande wa Punjab, baina ya karne ya 16 na ya 19.

Huenda msomaji akauliza: Kiswahili na picha za India, wapi na wapi? Nitajibu kwamba picha hizi ni fasihi kabla hazijawa picha. Nyingi mno kati yake zimezaliwa na shairi. Jayadeva alitunga Gita Govinda kwa Kisanskriti katika karne ya 12; Bhanudatta akaja baadaye na Rasamanjari, kwa lugha hiyohiyo; kisha Keshavdas wa Orchha akatunga Rasikapriya mwaka 1591, safari hii kwa Kibraj, lugha iliyosemwa na watu. Wachoraji walizifuata tungo hizi ubeti kwa ubeti, na mara nyingi ubeti wenyewe uliandikwa pale pale: juu ya picha, katika utepe wa manjano, kama ilivyokuwa desturi ya Mewar, au mgongoni mwa karatasi kama ilivyofanywa Basohli. Kuitazama picha ya namna hii bila kuujua ubeti wake ni sawa na kuitazama leso ukaacha kusoma jina. Utauona mji na pindo, utazisifu rangi, na ujumbe utakupita.

Na hivyo ndivyo zinavyotazamwa leo kwa wingi. Mifululizo iliyokuwa mizima ndani ya bweta la mfalme imetawanywa katika majumba ya makumbusho ya London, Boston, New York, Zurich na New Delhi, ukurasa huku na ukurasa kule, na fremu imeufunika mgongo wenye ubeti. Kinachobaki mbele ya mtazamaji ni bibi mzuri aliyeketi kitandani. Si ajabu basi kwamba wengi huona uzuri tu, na wahakiki wetu huona unyonge tu.

Mchoro mdogo haukutundikwa ukutani. Uliandaliwa juu ya karatasi kadhaa zilizogandishwa pamoja, ukachorwa kwa brashi ya manyoya ya kindi, ukalazwa kifudifudi na kusuguliwa kwa jiwe la akiki hadi rangi zikang'aa kama kauri. Ulishikwa mkononi, ukatazamwa kwa karibu na mtu mmoja au wachache waliokaa pamoja, kisha ukapitishwa kwa mwingine. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana nitalirejea: mtu aliyeishika picha ya mwanamke anayengoja, mara nyingi, alikuwa mwanamume mwenye mamlaka ya kuondoka na kurudi apendavyo.

Neno lililo msingi wa mambo yote ni nayika, yaani mhusika mkuu wa kike katika mapenzi. Mwenziwe wa kiume ni nayaka. Natyashastra, kitabu kikongwe cha nadharia ya tamthilia kinachonasibishwa na Bharata, kiliwagawa nayika katika hali nane, na mgawanyo huo ukadumu zaidi ya miaka elfu moja. Yuko aliyejipamba na kutandika kitanda akimtarajia mpenziwe. Yuko ambaye saa zimepita na mpenzi hajatokea. Yuko aliyekwenda mahali pa miadi akapakuta patupu, naye huchorwa akivua mapambo yake na kuyatupa chini. Yuko aliyegombana na mpenziwe akamfukuza, na sasa majuto yamemwandama. Yuko ambaye mumewe amesafiri mbali. Yuko anayempokea bwana alfajiri, mwilini mwa bwana huyo mkiwa na alama za usiku aliolala kwingine. Yuko abhisarika, anayetoka nyumbani kwenda kumtafuta mpenzi mwenyewe. Na yuko mmoja, mmoja tu, ambaye mpenzi yupo mbele yake, tena amemtii, na aghalabu bwana huyo huchorwa ameinama akimpaka bibi nyayo rangi nyekundu.

Tukihesabu vyema, katika hali sita kati ya hizo mwanamume hayupo. Katika ya saba yupo, lakini kama mshtakiwa. Wahenga wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sanaa hii inaipindua methali hiyo juu chini, kwa kuwa ndani yake asiyekuwepo ndiye suala lote, na kila kitu kilichochorwa, kuanzia mto wa kitandani hadi wingu, kinamtaja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba bibi huyu hatendi lolote. Wanatafuta kitendo na hisia usoni pake, mahali ambapo mchoraji hakuviweka. Uso wa nayika ni kaida: umetazama upande mmoja, jicho refu, pua iliyonyooka, na uso wa aliyefurahi hautofautiani sana na uso wa aliyevunjika moyo. Anayezoea riwaya za uhalisia, ambamo mwandishi hutuelezea kila kunjo la paji, atauona uso huo kuwa mtupu. Lakini mchoraji ameihamisha hisia kutoka usoni na kuitawanya katika vitu. Kitanda kimetandikwa na hakina mkunjo hata mmoja. Tambuu zimepangwa katika sinia na hakuna aliyezigusa. Taa inawaka ndani ya chumba kitupu. Nje, tausi wawili wako pamoja juu ya paa, wawili, ilhali bibi ni mmoja. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hahitaji kufundishwa mbinu hii. Washairi wetu nao wamesema kuhusu ua, chombo na bahari huku wakimaanisha mtu, na hakuna aliyewalaumu kwamba hawakusema kitu.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao kidogo. Mwaka 1694 hadi 1695, mchoraji aliyeitwa Devidasa alimchorea Raja Kirpal Pal wa Basohli mfululizo wa Rasamanjari. Basohli ilikuwa nchi ndogo ya vilimani, na mtindo wake hauna haya: mandhari ya nyuma ni bapa la rangi moja tu, jekundu au la manjano kali, bila kina, bila mbingu ila ukanda mwembamba juu kabisa. Wachoraji wa huko walikuwa na mbinu ambayo sijui kama ina mfano kwingine: walikata vipande vya mabawa magumu ya mbawakawa na kuvigandisha kwenye vidani na bangili za nayika ili viwe zumaridi. Ukiishika picha na kuigeuza kidogo mkononi, mapambo humeta kwa kijani. Sasa fikiria maana yake katika picha ya nayika aliyedanganywa, anayeyavua mapambo hayo na kuyatupa. Anachokitupa ndicho kitu pekee chenye mwanga wake wenyewe katika ukurasa mzima. Haijahitajika chozi. Mfalme aliyeishika picha anaona zumaridi zikimeta chini, na anajua ni za nani na zimetupwa kwa sababu ya nani.

Picha za ragamala, ambazo husawiri nyimbo za kikale kama watu, hutumia mbinu hiyohiyo kwa upole zaidi. Todi huwa mwanamke aliyesimama nyikani na ala ya nyuzi, na paa wamemkusanyikia kumsikiliza. Kakubha huwa mwanamke mwenye vigwe vya maua mikononi, na waliomzunguka ni tausi. Maua yamesukwa kwa ajili ya mtu, naye mtu huyo hayupo. Wimbo umeimbwa, na waliokuja kuusikiliza ni wanyama. Kwa maoni yangu hizi ni miongoni mwa picha zenye huzuni nyingi zaidi katika sanaa ya dunia, na hakuna hata moja iliyo na mtu anayelia.

Kuna swali la kihistoria ambalo wahakiki wa picha hizi hulipita upesi mno: je, kungoja huku kulikuwa kaida ya kishairi tu? Sidhani. Falme za Rajasthan ziliingia chini ya himaya ya Mughal tangu enzi ya Akbar, na watawala wake wakawa maofisa wa jeshi la mfalme mkuu. Walipelekwa mbali, na walikaa huko. Anup Singh wa Bikaner, aliyetawala kuanzia mwaka 1669, alitumikia vitani upande wa kusini, Dekani, kwa miaka mingi, na alifia hukohuko Adoni mwaka 1698. Katika enzi yake hiyohiyo mchoraji mkuu Ruknuddin alikuwa akimsawiri nayika wa Rasikapriya kwa ustadi ambao haujapitwa. (Ruknuddin alikuwa Mwislamu, kama alivyokuwa Sahibdin wa Mewar aliyechora ragamala ya mwaka 1628, wanaodhani kwamba Radha na Krishna walichorwa na Wahindu peke yao hawajasoma majina yaliyoandikwa kwenye picha.) Nyumba za wakuu wa Bikaner zilikuwa na wake halisi waliongoja miaka, si mikesha. Picha iliyochorwa kwa ajili ya ikulu kama hiyo haikuwa ndoto tupu.

Zingatia pia mvua. Picha nyingi za hamu zimechorwa chini ya mawingu meusi, umeme ukijipinda kama uzi wa dhahabu, korongo weupe wakiruka kwa safu. Mtazamaji wa Ulaya huyaita mandhari mazuri. Lakini katika India ya zamani majira ya mvua yaliifunga njia: majeshi yalisimama, misafara ya biashara ilisimama, na aliyekuwa safarini alitarajiwa kuwa amekwisha kurudi. Wingu likitanda na mume hajaonekana, maana yake ni kwamba hatarudi hadi msimu uishe. Wingu katika picha hizi ni tarehe iliyopita. Na sisi tunaweza kulielewa hilo kuliko mtazamaji wa Ulaya, kwa kuwa upepo unaoyapeleka mawingu hayo India kuanzia mwezi wa Juni ni wa mfumo uleule ambao kwetu mwambao huleta kusi. Pepo hizohizo za msimu ndizo zilizowaleta kwetu wafanyabiashara wa Kachchh na Gujarat. Miongoni mwa Mabaniani wa jamii ya Bhatia walioishi Unguja katika karne ya 19, desturi ilikuwa mume kusafiri peke yake na mke kubaki nyumbani ng'ambo. Sanaa ninayoizungumzia ilikuwa hasa ya ikulu, na sidai kwamba iliwasawiri wake wa wafanyabiashara hao. Ninachosema ni kwamba nayika wa tano, yule ambaye mumewe amesafiri, kwa wakati fulani mumewe alikuwa huku kwetu, akipima karafuu na pembe za ndovu.

Nimetetea, na sasa sina budi kushtaki, kwa sababu anayezisifu picha hizi bila kuuona mwiba uliomo hazitendei haki.

Mwiba wenyewe hauko katika picha, uko katika nadharia iliyozizaa. Mabingwa wa Kisanskriti na wa Kibraj walipenda kuainisha kama baadhi yetu tunavyopenda kuainisha ngeli. Nayika akagawanywa kwanza kwa kuuliza ni wa nani: ni mke wa mtu huyu, ni wa mwanamume mwingine, au ni wa yeyote alipaye? Akagawanywa tena kwa tajriba yake ya mapenzi, kuanzia msichana asiyejua hadi mwanamke aliyekomaa. Kisha akagawanywa kwa hizo hali nane, yaani kwa yale yaliyomfika. Makundi yakizidishwa kwa makundi, idadi ya nayika hupanda hadi kwenye mamia. Nayaka je? Tabaka lake kuu lina makundi manne tu, nayo ni ya mwenendo: mwaminifu kwa mmoja, mwenye kugawa upole wake kwa wengi, mdanganyifu, na asiye na haya. Tofauti hii ndiyo kiini cha suala zima. Mwanamume huainishwa kwa anachokitenda. Mwanamke kwa anachotendewa na kwa mwenye kummiliki. Hata sarufi yenyewe inaona: huyu ni mtenda na yule ni mtendewa. Mhakiki wa kifeministi akisimama hapa na kunyoosha kidole, mimi nitasimama upande wake.

Lakini hapo hapo tazama jambo la ajabu. Nadharia inayomfanya mwanamke mtendewa imemkiri mwanamume, kwa kalamu ya wanaume wenyewe, kuwa mdanganyifu na asiye na haya katika makundi mawili kati ya manne. Na mchoraji akipewa nadharia hiyo, anachora nini? Hamchori mdanganyifu akidanganya. Anamchora aliyedanganywa. Alfajiri ya nayika wa sita ndiyo mahakama: bwana amesimama mlangoni akiwa amechoka, alama ziko mwilini, na bibi amenyoosha mkono wake wote, kidole mbele, au amempa mgongo. Katika picha hizo mwanamume ndiye asiye na la kusema. Nimeona wahakiki wakieleza kwamba nayika huyu ni kielelezo cha wivu wa kike. Hao wamesimama upande wa mlango aliposimama bwana.

Ipo njia nyingine ya kuukwepa ubishi huu, nayo ni kusema kwamba picha hizi si za mapenzi ya binadamu hata kidogo: nayika ni Radha, Radha ni roho, nayaka ni Krishna, na hamu ni hamu ya roho kwa Mungu wake. Ananda Coomaraswamy, aliyeandika kuhusu nayika wanane mwaka 1914 na kutoa kitabu chake cha sanaa ya Warajput mwaka 1916, aliipa fasiri hii uzito mkubwa mbele ya wasomaji wa Magharibi waliokuwa wakiidharau sanaa hiyo. Simbezi. Waumini wa Krishna walizisoma tungo hizi hivyo, na katika Gita Govinda Krishna naye hukaa peke yake msituni akimlilia Radha, kiasi kwamba hamu si mzigo wa mwanamke peke yake. Ila fasiri ya kidini isigeuzwe kuwa pazia. Katika mfululizo wa Rasamanjari uliochorwa Basohli takriban mwaka 1660 hadi 1670, nayaka amechorwa kuwa Krishna. Katika ule wa Devidasa, miongo michache baadaye na kwa ajili ya ikulu hiyohiyo, nayaka ni bwana mkubwa wa kawaida mwenye kilemba. Shairi ni lilelile. Ukisema kwamba alfajiri ya usaliti ni fumbo la roho na Mungu, inakubidi utueleze Mungu huyo alilala wapi usiku.

Sasa nirudi kwa mtu aliyeishika picha mkononi. Upo uwezekano kwamba alifurahi tu. Ni jambo la kumridhisha mwanamume mkubwa kuonyeshwa kwamba akiwa hayupo kitanda hutandikwa, taa huwashwa, na wapishi, waandani na tausi wote humwulizia. Bila shaka wako waliozitazama hivyo, na wachoraji waliotegemea mkate wao kwa mfadhili walijua kumpendeza. Hata hivyo picha haimwachi mtazamaji wake nje. Nayika amegeukia ukingo wa karatasi, au mlango, au njia isiyo na mtu. Nafasi ya nayaka imeachwa tupu makusudi, na mtazamaji ndiye mwanamume pekee aliyeko. Anaalikwa kuingia humo. Akiingia, anaingia kama aliyekosekana. Ninaamini kwamba hapa ndipo wachoraji hawa, mafundi waliorithishana kazi baba kwa mwana, walipofanya kitu ambacho nadharia haikuwaagiza: waliweka mbele ya mfalme hati ya madai, wakaipamba kwa zumaridi ili asiikatae. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba bibi huyu ni kiumbe tegemezi tu. Anayengoja ndiye anayehesabu saa, na katika ukurasa huu hesabu yote iko mikononi mwake.

Wako wawili wanaolithibitisha hili kuliko wengine, nami nimewaweka mwisho kwa sababu huzungumziwa kidogo.

Wa kwanza ni abhisarika. Huyu ametoka. Ni usiku, mvua inanyesha, umeme unamulika, na njiani mna nyoka na, katika baadhi ya picha, mapepo. Furungu lake limekatika mguuni naye anageuka kulitazama, lakini miguu haijasimama. Yuko pia ndugu yake wa usiku wa mbalamwezi, aliyevaa nyeupe ili apotee ndani ya mwanga. Wachoraji wa Kangra na Garhwal walimpenda sana, na kwa sababu nzuri: ndiye pekee kati ya wanane ambaye kitanda chake hakihitajiki katika picha. Nadharia ilimweka katika orodha moja na wanaongoja, ikampa jina na namba. Picha inamtoa humo kwa miguu yake.

Wa pili ni bibi wa baramasa, tungo za miezi kumi na miwili. Charlotte Vaudeville, mtafiti Mfaransa aliyezichunguza tungo hizi katika lugha mbalimbali za India, ameonyesha kwamba shina lake ni nyimbo za vijijini zilizoimbwa na wanawake kabla ya washairi wa ikulu kuzichukua. Katika nyimbo hizo mke huyapitia majira mwezi kwa mwezi akimlilia aliyeondoka. Keshavdas alipoichukua kaida hiyo na kuitia katika Kavipriya, mwaka 1601, aliigeuza kwa namna ambayo naiona kuwa ya kimapinduzi. Katika utungo wake mume hajaondoka bado. Anataka kuondoka, na mke anatoa hoja. Mwezi wa Chait maua yamechanua, basi usiende. Mwezi wa Jeth jua limekausha maziwa ya maji na barabara ni tupu, basi usiende. Mwezi wa Bhadon ngurumo hazikomi, mwezi wa Kartik taa zimewashwa kila nyumba, mwezi wa Phagun watu wanarushiana rangi za Holi, basi nani aondoke? Wachoraji wa Bundi na wa Kangra waliwachora wawili hao barazani, uso kwa uso, mkono wa bibi ukiwa umeinuliwa kama wa msemaji barazani pa wazee, na chini yao dunia nzima ya mwezi huo imetandazwa kama ushahidi: wakulima, mahujaji, tembo, wacheza ngoma. Miezi kumi na miwili, hoja kumi na mbili. Huyu si mwanamke anayengoja. Ni mwanamke anayejadiliana kabla kungoja hakujaanza, na aliyemsawiri amemwachia maneno yote. Mume hajibu neno.

Anayetaka kuandika tasnifu kuhusu suala hili, nami ningefurahi iandikwe kwa Kiswahili, aanzie hapo, katika Kavipriya, wala si katika orodha ya wanane. Na asisahau kutazama kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya nani. Keshavdas alikiandika kumfunza ushairi Pravin Rai, mwanamke wa ikulu ya Orchha aliyekuwa mwimbaji, mchezaji ngoma na mshairi, mpenzi wa mwanamfalme Indrajit. Kwa hiyo msomaji wa kwanza aliyekusudiwa wa zile hoja kumi na mbili alikuwa mwanamke aliyejua kutunga mwenyewe. Husimuliwa kwamba sifa zake zilimfikia Akbar, naye akaamuru apelekwe ikulu kwake. Alipofikishwa mbele ya mfalme mkuu wa India, Pravin Rai alitoa ubeti mmoja wa kwake, na kwa ubeti huo akaruhusiwa kurudi Orchha. Jumba linaloitwa kwa jina lake lingali limesimama huko, katika bustani, karibu na ngome.